Korbinian Rieser na Bendera Iliyosahaulika Msalabani

Baba Paroko, majirani wa Hinterkar, na wewe Egid uliyesimama kando ya jeneza na bendera ya klabu ya mlima, ukisubiri kuiinamisha juu ya kaburi kama ilivyo desturi yetu, mimi ni Ludwina, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma yote.

Marehemu Korbinian alizaliwa tarehe 9 Februari 1968, katika nyumba iliyo chini ya kanisa hili, akiwa kitinda mimba wa Alois na Filomena. Alisoma hapa kijijini, akajifunza useremala mjini Innsbruck, na mwaka 1987 akaajiriwa katika kikosi kilichojenga vizuizi vya maporomoko ya theluji juu ya kijiji, hivyo hivyo vinavyowafanya mlale usingizi mnono wakati wa baridi bila kumkumbuka aliyevisimamisha.

Tarehe 4 Mei 1996 alifunga ndoa na Marlies, wakajaliwa binti mmoja, Gundi. Kwa miaka mingi alikuwa mjumbe wa kamati ya maporomoko, kazi isiyo na mshahara ila lawama, maana akifunga mteremko na usiporomoke aliitwa mwoga, na akiufungua hakuna aliyemshukuru.

Kuhusu kuugua, marehemu hakuugua, alikuwa buheri wa afya. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 14 Aprili 2024, siku ya misa ya msalabani kileleni, mawingu yaliufunika mlima, na hakuna mtu humu asiyejua kwamba majira haya theluji hugandishwa na usiku wa nyota usio na mawingu, na isipoganda hulowa mapema, maji yakapenya hadi chini, mteremko mzima ukakosa pa kujishikiza. Alfajiri marehemu alichomeka fimbo yake kwenye theluji, ikazama hadi kwenye kishikio, akasema misa isomwe kanisani. Egid, binamu yetu na mwenyekiti wa klabu, akamjibu mbele ya wote, "Korbi bwana, wewe hata barafu ya friji unaigonga kwanza." Mlicheka, na wewe Baba Paroko ulicheka.

Mkapanda. Marlies alimsihi abaki, naye akamwambia, "Wakifika juu watakula supu, watapiga soga, jua litawakuta huko, theluji izidi kulowa. Nani atawashusha?" Ikawa hivyo hivyo, misa, supu, pombe ya kupokezana chupa, naye akiwahimiza hadi mkamkasirikia, kisha akawashusha mmoja mmoja kwa njia ya mgongo wa mlima, kwenye mawe, mpaka mkawa salama nyote. Ndipo Egid akakumbuka kwamba bendera imebaki msalabani, na kwa kuwa klabu kurudi bila bendera ni aibu ya kurithisha watoto, akapanda tena, na marehemu akapanda naye asimwache peke yake. Wakati wa kushuka, Egid alikataa kuzungukia kwenye mawe, akakata katikati ya mteremko, akakwama kwenye theluji iliyokuwa kama uji, na ndugu yangu akaingia kumtoa. Mteremko ukaondoka. Egid alitupwa pembeni, bendera mkononi, Korbinian akafukiwa, akafariki mchana huo hospitalini Innsbruck.

Familia inawashukuru madaktari, waokoaji na mbwa wao aliyemwona kwanza, wajumbe wenzake wa kamati, na majirani waliokaa jikoni na Marlies bila kumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Waliocheka siwashukuru.

Egid, hatukukatazi kulia, wala kutusindikiza. Lakini bendera hiyo ndugu yangu ameshailipia heshima yake, haitainamishwa juu yake leo. Ikunje, uiache hapo ukutani, na mikono yako ikiwa mitupu uje umbebe.

Korbinian, mdogo wangu, umeshawashusha wote, sasa pumzika kwa amani.