Vidole Kumi vya Mama Kisu

Mama Kisu anastaafu leo, tarehe thelathini Juni, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka ishirini na tisa kati ya hiyo amesimama kwenye mashine ya kukatia karatasi, na hajawahi kumwaga damu ya mtu wala yake mwenyewe.

Alianza kama mfagiaji. Siku moja mkataji aliumwa, kazi ya haraka ikakwama, na yeye akaomba ajaribu. Watu wakacheka. Alipomaliza, karatasi zilikuwa zimenyooka kiasi kwamba msimamizi alimwachia mashine hiyo. Tangu siku hiyo jina lake la nyumbani tukalisahau.

Sisi tuliopita mikononi mwake tunaujua utaratibu wake. Kila jioni kabla ya kutoka unasimama mbele yake, unainua mikono, naye anahesabu vidole. Vikitimia kumi, anakuruhusu uende kwa wanao. Fundi mitambo aliwahi kukunja kidole gumba kwa utani, Mama Kisu akaketi chini palepale, jasho likimtiririka. Utani huo haukurudiwa.

Amefundisha wakataji sita. Wanaume wanne kati yao walimpita mshahara kabla hawajajua hata kubadilisha kisu. Tulilijua hilo wote, ila tulilizungumzia chooni tu.

Mwezi wa tatu meneja alituita kikaoni. Mama Kisu akasimama, akaomba kazi moja ilipwe mshahara mmoja, awe anayeifanya ni mwanamke au mwanamume. Meneja akasema haya, wanaokubaliana naye wainue mikono. Tulikuwa ishirini na sita. Mikono iliyozoea kuinuliwa kila jioni ikabaki mapajani, na wangu pia. Nilikuwa nimeketi ubavuni kwake. Niliogopa, jamani, niliogopa mpaka masikio yakavuma. Nina watoto wawili na mama mgonjwa.

Wiki ile watu walianza kupita kwenye mashine yake mmoja mmoja, wakijifanya wanaulizia karatasi. Niliowaona sitawataja. Walikuwa wanawake na wanaume. Mmoja ana sauti ya kutikisa madirisha, lakini siku hiyo alinong'ona. Kila mmoja alimwambia yuko upande wake, tatizo ni wenzake, hao hawatakubali kamwe. Mama Kisu hakunitajia mtu, alinipa idadi tu. Walikuwa kumi na saba.

Jumatatu mimi ndiye ninayeishika mashine yake. Mkataba uko mezani kwa meneja, nitausaini saa mbili asubuhi, mbele ya kikao cha wafanyakazi wote, na mshahara wake ni mdogo kuliko wa mwenzangu mwanamume wa mashine ya pili, ambaye mimi ndiye niliyemwonyesha swichi iko wapi.

Meneja alipokipitia kijitabu hiki cha kumuaga Mama Kisu, habari ya kikao cha mwezi wa tatu haikuwamo. Niliiongeza jana mchana huku nikiutazama mlango kila baada ya mstari. Nakala zote amezikata Mama Kisu, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho hapa. Alisoma, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kama nimewafikiria wanangu. Nikamwambia nimewafikiria. Akabonyeza vile vitufe viwili vya usalama vinavyotaka mikono yote miwili, kisu kikashuka.

Basi wewe uliyeshika kijitabu hiki, mtazame aliyeketi pembeni yako. Huenda ni mmoja wa wale kumi na saba, naye anakuogopa wewe. Mimi bado naogopa, tena sana. Lakini Jumatatu saa mbili nitainua mikono yote miwili, na meneja akitaka, ahesabu vidole.

Mama Kisu, asante kwa kila jioni uliyotuzuia mlangoni. Nenda kacheze na wajukuu, ulale mpaka jua likuchome. Vyako kumi umetoka navyo salama. Vyetu tuombee.