Helikopta Juu ya Bafu la Modesta

Kijiwe chetu cha Igogo ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na katikati birika la kahawa la Nurdin. Kwa kawaida tunabishania mpira. Asubuhi hii hakuna aliyeugusa, maana juzi helikopta inayozungusha watalii juu ya jiji ilishuka chini mno juu ya ua wa Fundi Luhende wakati mkewe, Modesta, anaoga. Mabafu yetu huku mlimani, katikati ya mawe makubwa, ni kuta nne, juu mbingu. Alama ni khanga: ikitundikwa ukutani kuna mtu, pita mbali. Upepo wa lile dude ukaichukua khanga ukaitupa kwa jirani! Jana Modesta kapanda kivuko kavuka ziwa kwenda kwa dada yake, kule Kamanga, na kaapa ua ule haogi tena. Sisi damu inachemka.

LUHENDE: Imezunguka mara mbili! Ya kwanza nasema bahati mbaya. Ya pili je?

NURDIN: Ya pili walirudi kuhakikisha.

LUHENDE: Wewe mimina kahawa!

Masele tunamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakama ya mwanzo. Akaweka kikombe chini.

WAKILI: Hiyo kesi. Kiwanja kina bikoni nne za mpaka, kweli si kweli?

LUHENDE: Kweli.

WAKILI: Zote za pembeni. Juu kuna bikoni? Hakuna. Basi juu kote ni kwako, mpaka mwezini. Wameingia kwa mtu bila hodi.

MIMI: Wangepigaje hodi na kelele ile?

WAKILI: Wangezima injini.

Hapo akadakia Yakobo, jina la kijiweni Rubani. Alipanda ndege mara moja kwenda Bukoba, tangu siku hiyo mambo yote ya angani anayasemea yeye.

RUBANI: Aise, mtalii gani anatazama bafu? Wale wapimaji. Wanataka mawe yetu. Wanayahesabu moja moja, wayafunge kamba, wakayapange kwao.

NURDIN: Na lile la nyuma ya nyumba yangu?

RUBANI: Hilo ndio la kwanza.

LUHENDE: Sasa mke wangu anahusikaje na mawe?

RUBANI: Si alikuwa anaogea juu ya jiwe? Kaandikwa pamoja nalo.

Nurdin akacheka. Luhende hakucheka.

LUHENDE: Nyie fanyeni utani. Miaka kumi na tisa yule mama hajawahi kulala nje ya nyumba yangu. Simu hapokei. Sijui hata kama atarudi.

Iliniuma, na hasira ikanizidi. Mtu mzima anakaa juu ya kichwa cha mwenzake, anamtazama akijipaka sabuni, kisha anashuka anakunywa soda baridi kama hakuna kilichotokea! Watu gani hawa?

MIMI: Tuandamane!

RUBANI: Mpaka uwanja wa ndege. Na ndoo zetu. Tukaoge palepale mbele yao, waone raha yake!

WAKILI: Hiyo nayo kesi.

Kabla hatujakubaliana nani abebe maji, akatokea Rebeka, dada yake Modesta, akitoka kivukoni na mfuko mtupu mkononi.

REBEKA: Shikamooni.

SISI: Marahaba.

REBEKA: Shemeji, nimefuata nguo za dada.

Luhende akasimama.

LUHENDE: Ziache, shemeji! Mwambie hao watu tunawashtaki. Tunawafukuza anga nzima!

Rebeka akainua macho mlimani, kwenye mapaa yanayong'aa mpaka kule juu.

REBEKA: Zile nyumba zote umeezeka wewe?

LUHENDE: Zote, shemeji. Hakuna fundi bati mwingine huku.

REBEKA: Na lile bafu la dada linataka bati ngapi?

Wakili akachungulia kikombe chake. Rubani akatazama ziwa. Fundi wetu, anayepima paa la mtu kwa macho tu akiwa barabarani, akaanza kupangusa ubao aliokuwa ameukalia. Rebeka akashika njia ya mlimani kwenda kufunga nguo za dada yake.