Mteremko Ambao Hermógenes Bordones Aliwanyima Mbuzi Wake

Tunayemsindikiza leo, Hermógenes Bordones Cepeda, alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 katika korongo la Chañarcito, jangwani Atacama, Chile, kifungua mimba wa wafuga mbuzi Evaristo na Domitila.

Alisoma miaka miwili katika shule ya kambi ya mgodi. Mgodi ulipofungwa, mwalimu naye akaondoka. Yaliyobaki alifundishwa na mama yake: mahali ambapo ukungu wa bahari hulowesha vichaka, na udongo upi mkavu umeficha mbegu zinazolala miaka mingi zikingoja mvua.

Mwaka 1965, jangwa likiwa limechanua, alimwoa Zunilda Trigo na kumvisha kichwani maua mekundu ya añañuca. Walikamua pamoja, wakatengeneza jibini, wakaiuza mjini Vallenar.

Mwaka 1987 mvua ilinyesha baada ya ukame mrefu. Wafugaji wengine wote waliwaachia mbuzi kwenye machipukizi ya miteremko yao. Yeye aliwafungia wake zizini.

"Mbuzi wanalia, majani yako mlangoni, unangoja nini, mwanamume wewe?" Zunilda alimfokea.

"Nangoja yazae, mama. Mbegu zikishadondoka nitawafungulia."

Jirani yao, kompadre Rosamel, aliyemsimamia mtoto wao ubatizo, alipita akicheka. "Kompadre anafuga maua! Jioni atakamua nini, marashi?"

Mbuzi wawili walikufa kwa njaa, na Zunilda alimnunia muda mrefu. Lakini mvua iliyofuata iliponyesha, miaka minne baadaye, mteremko wake ndio uliochanua. Rosamel alikuja kofia mkononi.

"Walete, kompadre," marehemu alimwambia, "ila na wao wangoje kama wangu."

Siku hizi nani anangoja? Vijana wameuza mbuzi na kukimbilia migodini. Wageni huja na magari, hukanyaga maua wakipiga picha, kisha huing'oa añañuca na mizizi yake ikafie kwenye vyungu vya mjini.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2017. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 11 Juni 2019, mlimani kukiwa hakuna hata ua moja. Binti yake Nolfa alikuwa amemwahidi kaburi la saruji.

"Usinizibe, mwanangu," alimjibu. "Mimi nimemaliza, ila juu yangu kuna mbegu zinazongoja."

Ameacha mjane, Zunilda, watoto, Nolfa na Edicto, wajukuu watano, mdogo wake Baldomero, anayesoma haya, na mbuzi wasio na mchungaji.

Watakaofukia wanaombwa hivi: udongo wa juu umewekwa kando, kwenye turubai. Urudishwe mwisho, juu kabisa, wala usishindiliwe.

Apumzike kwa amani, hadi mvua.