Vifaru vya Rangi ya Fizi

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee safari ya kaka yake, na kwa kuwa karibu kila aliyeketi hapa aliwahi kualikwa na marehemu angalau mara moja akatafuta udhuru, tunawaomba msikilize hadi mwisho, safari hii hakuna atakayeambiwa arushe dadu.

Marehemu, ambaye mtaani mlimwita Jemedari na hospitalini walimwita Fundi Meno, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba mpigachapa na mama mshonaji. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, huko kote walimu wakimsifu kwa mikono na kumlalamikia kwa masikio, kwani ukimwambia jambo fulani haliwezekani, ni kama umemtia pamba. Alisomea ufundi wa meno bandia chuoni, akahitimu Novemba 1979, na tarehe 2 Januari 1980 akaajiriwa katika maabara ya meno ya hospitali, chumba cha chini kisicho na dirisha, jirani na stoo ya mashuka, alichokitumikia mpaka alipostaafu mwaka 2017, na wapo humu ndani wanaotafuna leo kwa kazi ya mikono yake.

Mwaka 1982 saa yake ilisimama, akaipeleka kwa fundi saa wa ng'ambo ya barabara, na huyo fundi alikuwa na kitabu cha kanuni za mchezo wa vita vya mezani, ambao watu wawili huukalia uso kwa uso, kila mmoja na jeshi lake dogo, wakipima mwendo wa vifaru kwa rula na kuamua mapigo ya mizinga kwa dadu. Askari wa plastiki walipatikana, vifaru havikupatikana, basi wakacheza kwa vizibo vya chupa, vya bluu upande huu na vyekundu upande ule, kila Jumamosi mchana, mpaka fundi saa alipochoka, akasema yeye mtu mzima hawezi kuendelea kukimbizwa na vizibo, siku vikipatikana vifaru vya kueleweka, vyenye minyororo na mzinga, aitwe, atakuja mbio. Mtu mwingine angesikia hapo maneno ya kuagana, marehemu alisikia ahadi, na kumrudisha yule bwana kwenye kiti cha upande wa pili ndiko kulikomla maisha yake.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na mke wake, karani wa masjala, ambaye wakati wa uchumba aliambiwa kwamba meza ya chakula itakuwa na shughuli mbili, akadhani ni utani. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1986 na wa pili mwaka 1990, na wote wamekua wakiweka sahani mapajani, kwa sababu mezani kulikuwa na vilima vya karatasi na askari waliopakwa rangi wakisubiri vifaru ambavyo havijafika.

Vifaru vyenyewe madukani vilikuwepo, vya kutoka nje, ndani ya visanduku vyenye picha za kupendeza na bei za kumfukuza mtu mlangoni, na vile vya sokoni, ambavyo vilikuwa rahisi, kimoja kilikuwa kikubwa kama kiatu na kilipiga king'ora. Mwaka 1999 akapata muuzaji wa mbali aliyekuwa akiuza mfuko mzima kwa bei ya kutupa, akaagiza, akangoja, na mfuko ulipofika furaha haikumruhusu kuufungua peke yake, akamwita fundi saa, wakaumwaga mezani pamoja. Kifaru kikubwa kuliko vyote kilimfikia askari magotini. Kosa lilikuwa lake, kwa hamu yote ile alikuwa ameuliza bei, hakuuliza kipimo, na fundi saa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akachukua kofia yake akaenda zake.

Hapo ndipo marehemu alipoamua kuvitengeneza mwenyewe kwa ufundi aliokuwa nao, akachonga kifaru kimoja kwa nta, akakizungushia plasta kupata kalibu, na kwa ruhusa ya mkuu wake akatumia mabaki ya ule unga wa waridi unaotengenezewa fizi za meno bandia, vikatoka vifaru imara, vya kipimo sawasawa, karibu vya bure, na vyote vya rangi ya fizi. Mke wake alitamka mbele ya wageni kwamba jeshi lile linaonekana kama limetemwa na mtu. Marehemu alivisugua kwa mashine jikoni, mlango na dirisha amefunga ili vumbi lisiwafikie watoto, pua yake akiiacha wazi kwa kuwa kitambaa kilimtia ukungu kwenye miwani, akavipaka kijani na kahawia, akaendelea hivyo miaka mingi, mpaka mwaka 2011 majeshi yote mawili yalipokamilika, akamwita fundi saa.

Fundi saa alikuja, kama alivyoahidi, ila aliongozwa mkono na binti yake, presha ya macho ilikuwa imekwisha kumpofusha. Alivipapasa vifaru kimoja kimoja, akavizungusha vichwa, akasema sawa kabisa, Jemedari, hivi ndivyo, halafu akauliza ni vya rangi gani. Marehemu alijitolea kumsomea dadu, fundi saa akakataa kwa upole, akasema mchezo ambao adui yako ndiye anayekusomea dadu si vita tena, ni kuhurumiana.

Baada ya hapo marehemu alijishawishi kwamba kilichokuwa kikiwazuia watu ni bei, akagawa majeshi mazima bure, na ninyi mliyapokea kwa shukrani, yakaishia kwenye vishikio vya funguo na juu ya televisheni, wala hakuna aliyekuja kucheza. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2019, na daktari alipotazama picha ya kifua alisema mapafu yamejaa makovu ya vumbi, la kazini na la jikoni, na kwamba vumbi hilo halina dawa ya kulitoa. Kuanzia mwaka 2022 alivuta hewa ya mtungi, na mke wake, ambaye hajawahi kupenda vita hata vya kwenye redio, akajifunza kanuni akakaa kile kiti, lakini kila zamu yake alivirudisha vifaru vyake nyuma asije akapigwa hata kimoja, hivyo risasi haikulia. Marehemu alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 3 Juni 2025, katika wodi ya wanaume, ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wenzake wa maabara waliochangia mtungi, majirani waliokesha nasi, na fundi saa, ambaye yuko hapa kwenye benchi la mbele. Wako waliopendekeza vifaru viwekwe ndani ya jeneza, mke wake amekataa, amesema asije akafika huko navyo akaanza tena kuzunguka akitafuta wa kucheza naye. Kwa hiyo viko sebuleni, anayevitaka achukue, ingawa tangu juzi tumetangaza na sanduku bado limejaa.

Kaka, ulitaka vita vya kweli mara moja tu mezani pako, na hakuna hata mmoja wetu aliyekupa, amani ndiyo pekee tuliyobaki nayo ya kukupa, basi pumzika nayo.