Kanisa la Kamba

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi. Mchungaji wetu na mama mchungaji. Wazee wa kanisa. Mhandisi na mafundi wako. Majirani mliovumilia kelele za zege. Ndugu zangu waumini: Bwana asifiwe! Hapana, semeni mpaka ifike kwenye paa, maana sasa paa tunalo. Bwana asifiwe!

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ingawa wengi mnanijua kwa cherehani yangu, na leo nasimama zaidi kama mkwe. Huyu aliyekaa pale mlangoni ni mama mkwe wangu, ndiye mnayemwita Mama Mlango. Wageni mtauliza, jina gani hilo? Tulipopata kiwanja hiki hatukuwa na hata tofali moja. Mama akaja na kamba na vigingi, akalipima kanisa chini: huku madhabahu, kule kwaya, hapa mlango. Kisha akasimama mlangoni, na ole wako uiruke kamba! Miaka yote ile tuliabudu juani, lakini hakuna aliyepita ukutani. Baba Askofu, niwie radhi, unakumbuka ziara yako ya kwanza? Ulikuja moja kwa moja na joho lako, mama akakuzuia: "Hapo ukuta, baba. Zunguka, na miguu ufute." Nawe ukazunguka, ukafuta miguu kwenye zulia ambalo halikuwapo!

Walikuwapo waliotucheka. Hata kati yetu walikuwapo walionong'ona kwamba huo ni mchezo wa watoto, kwamba imani ni jambo zito, haichanganywi na kuwaza-waza. Nawauliza: nani hapa amekwisha kuiona mbingu? Na yule jirani unayeambiwa umpende, utampendaje kama huwezi hata kuwaza analalaje akiwa na shida? Mimi sithubutu kutia mkasi kwenye kitambaa kabla sijaiona nguo kichwani. Mungu ndiye aliyetupa uwezo huo, na sidhani alitupa ili tuuache nje tunapoingia kusali.

Lakini kuna jambo lililonitia hofu. Macho ya mama yalianza kufifia tukiwa bado kwenye msingi, na tulipofika kupaua yalikuwa yamezima kabisa. Aliapa kitu kimoja tu: siku ya kufungua ataingia kwa miguu yake, bila kushikwa mkono, kwa sababu nyumba hii anaijua. Sasa mhandisi, kwa sababu njema za maji ya mvua, alikuwa ameuhamisha mlango, akauweka upande wa barabara. Wakati huo mama alikuwa amelazwa hospitali. Mimi nikadhani mchungaji amemwambia. Mchungaji akadhani mume wangu. Mume wangu akadhani mimi. Tumekuja kugundua asubuhi hii, mama ameshauachia mkono wangu, anaelekea ukutani!

Jamani! Nilitaka kumwita, lakini nilikuwa nimekwisha kuchelewa. Nikajua tunamvunja moyo mbele ya watu wote. Mama akafika, akanyoosha mkono kuutafuta mlango, akakuta tofali. Akapapasa juu, akapapasa kando, halafu akaupiga kofi, akacheka, na wote mlimsikia: "Ukuta! Jamani, ni ukuta kweli!"

Nikamkimbilia, nikamwomba radhi, nikamweleza mlango ulikohamia. Akaniambia, "Mwanangu, nguo ikikataa kumkaa mtu, wewe unafumua mshono au unampunguza mtu?"

"Nafumua mshono, mama."

"Basi. Mimi niliwaza nyumba ya Mungu. Mlango ataweka mwenye nyumba anapotaka."

Akazunguka, kama alivyotuzungusha sisi, mkono wake ukiteleza ukutani, akaingia peke yake. Nililia, wala sioni haya. Mzigo niliokuwa nao umeshuka, na hata sasa ninapozungumza nanyi najisikia mwepesi.

Mhandisi, nawe pumua. Hukuharibu kitu. Kwa niaba ya kamati nawashukuru mafundi, nawashukuru mliobeba mchanga na mawe, na zaidi namshukuru mama, aliyetufundisha kukaa ndani ya nyumba kabla haijajengwa, na leo ametufundisha kuipokea ilivyo.

Ahsanteni kwa kunitegea masikio. Ibada ikiisha, tafadhali tokeni kwa mlango. Safari hii ukikosea, utaumia.