Kanali na Mpishi Wake

Mama aliyekaa nyuma yangu kwenye basi alipakata helmeti. Jirani yake akamuuliza pikipiki iko wapi.

“Kwa fundi. Mimi ni mwenyekiti wa tawi, klabu ya pikipiki ya wanajeshi wastaafu. Vyeo tunaviacha mlangoni, kisha tunapiga kura. Kanali wetu alipata moja.”

“Ya nani?”

“Muulize mwenyewe. Mimi niliyekuwa mpishi jeshini nilipata kumi na tisa.”

“Kanali haongozwi na mpishi, dada yangu.”

“Njaa ilimwongoza miaka yote ile, kaka, na sufuria zilikuwa zangu.”

Gazeti langu lilikuwa bado kwenye ukurasa uleule. Basi likasimama. Kituoni alisubiri mzee mnyoofu kama mlingoti, juu ya pikipiki.

“Kanali,” mama akasema akishuka.

Mzee akasogea nyuma, akampisha usukani.