Gaudensia Nyamburi na Ukuta wa Soko la Chini

Gaudensia Nyamburi Mwikwabe, tunayemzika leo hapa Butiama, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji hikihiki, mtoto wa tatu wa Mzee Mwikwabe na Mama Bhoke, akasoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akamaliza sekondari mjini Musoma mwaka 1997, kisha akaenda chuo kusomea mipango miji, katika darasa la watu arobaini, wasichana wakiwa watatu.

Februari 2002 aliajiriwa kuwa mchora ramani katika halmashauri ambayo familia imeamua kutoitaja, maana wahusika wapo hapa na wanajijua.

Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na Benson Jofrey katika parokia ya Nyegina, wakaweka makazi Nyasura, Bunda, wakajaliwa watoto wawili, Stellah na Danford.

Mwaka 2019 alipewa kazi ya kuchora Soko la Chini, naye badala ya kukaa ofisini alishinda sokoni siku kumi na moja, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya meza ya dagaa ya Bi Mwanahalima, akiuliza akina mama wanaogopa kona ipi na wanaenda haja wapi, na Bi Mwanahalima akamjibu, "Mwanangu, sisi tunabanaga toka asubuhi mpaka tufunge, kule nyuma hakuendeki." Akachora vyoo vya wanawake vikitazama meza za biashara, milango yenye komeo kwa ndani, taa kila kichochoro, chumba cha kunyonyeshea, wala hakuweka ukuta unaozidi kifua cha mtu.

Kwenye kikao mkuu wake alicheka mbele ya watu, akasema, "Mama Stellah, soko ni la biashara, siyo sebule ya akina mama," vyoo vikahamishiwa nyuma ya ghala, ukapandishwa ukuta wa futi nane kuvificha, naye Gaudensia, akiwa na watoto wa kusomesha, akatia sahihi ramani hiyo iliyobadilishwa.

Soko lilifunguliwa Julai 2021. Tarehe 17 Mei 2022, saa tisa alasiri, soko likiwa limejaa, binti wa Bi Mwanahalima alibakwa nyuma ya ukuta ule, akapiga kelele, asisikike wala kuonekana na mtu. Kikao kilichofuata kilijadili kwa nini binti alikwenda chooni peke yake.

Gaudensia alisimama, akatandaza mezani ramani yake ya kwanza, akasema, "Tulimpeleka sisi, ukuta ule una sahihi zetu, na yangu imo." Wiki hiyohiyo wakamwondoa kwenye uchoraji, wakampeleka kutunza mafaili. Aliandika barua saba za kuomba ukuta uvunjwe, hakujibiwa hata moja.

Tarehe 3 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, alikwenda sokoni na akina mama thelathini wenye nyundo, wakauangusha ukuta ule, akawekwa mahabusu siku mbili, akasimamishwa kazi, na Benson alipompelekea chakula alimwambia, "Usinihurumie, baba Stellah, jana ndiyo nimefanya kazi niliyosomea."

Novemba 2023 alianza kuvimba miguu, vipimo vya Mwanza vikaonyesha figo zote mbili zimeshindwa, akawa anasafishwa damu kila wiki. Februari mwaka huu ukuta ulijengwa upya. Tulikubaliana kumficha habari hiyo, lakini alimwuliza Bi Mwanahalima ana kwa ana, mama yule akashindwa kumdanganya. Alifariki tarehe 9 Mei 2025, saa mbili asubuhi, nyumbani Nyasura.

Rambirambi za ofisi zimesema tumempoteza mtumishi mtiifu. Familia inasahihisha: alitii mara moja tu, na hakujisamehe mpaka anakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nyasura waliompikia, akina mama wa Soko la Chini waliochangia nauli za Mwanza, na wale wafanyakazi wenzake wawili waliothubutu kumtembelea. Kwenu viongozi mliokaa kwenye viti vya mbele hatuna shukrani. Mkitoka hapa pitieni sokoni, ingieni nyuma ya ukuta ule mmoja mmoja, msimame humo, mpige kelele.

Pumzika, Gaudensia, amani uliyonyimwa kazini uipate kwa Mungu.